Siku Mama Alipomkimbia Mkwewe

Juzi nilirudi kijijini kwetu Njisi, mpakani, na maswali yangu ya utafiti, yale ya nani ni mwenzetu na nani si mwenzetu, maana ndiyo kazi inayonilisha siku hizi. Nyumba ya kwanza kuingia, nikamkuta mkamwana akimpakulia baba mkwe wali, wanataniana. Nilisahau hata kusalimia. Wewe uliyekulia kwetu utanielewa.

Enzi zetu mkamwana haonani na baba mkwe. Akisikia kikohozi chake tu, anajitosa migombani, khanga usoni, mpaka mzee apite. Mama yangu alikuwa bingwa wa mbio hizo. Alikuwa ameolewa kutoka ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, na wambeya hawakumwacha asahau.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipolegeza biashara. Sabuni na mafuta ya ng'ambo vilijaa sokoni, lakini ruksa ile ilikuwa ya sabuni, si ya watu. Asubuhi moja mama anaanika mpunga, mimi nafukuza kuku, akaja ofisa wa uhamiaji aliyeletwa kwetu karibuni, pamoja na mgambo wa kijiji. Kuna mtu alikuwa amepeleka maneno kwamba mama si raia.

"Vaa viatu, mama. Tunakurudisha kwenu. Na ukikimbia, umekiri."

Jirani alikuwa ameshachomoka kwenda kumwita babu, mzaa baba. Haukupita muda, tukakisikia kikohozi. Mama akamtazama ofisa, akaitazama njia. Niliomba moyoni asikimbie.

Akakimbia.

Ofisa naye mbio nyuma yake. Mgambo akamdaka mkono. "Mwache, afande! Anamkimbia mkwe wake huyo!"

Babu akaipa migomba mgongo, kama ilivyompasa. "Huyo ni mtoto wangu," alisema. "Ukimvusha, nivushe na mimi."

Ofisa alimtazama mzee, akaitazama migomba, akaondoka bila kuaga. Mama akaninong'oneza kutoka huko alikojificha, "Kamwambie babu, ndaga fijo." Nikazipeleka shukrani zile, hatua chache tu.

Mila ile imekufa, na sitaki ifufuke. Inaniudhi mpaka leo kwamba mama ilibidi ajifiche ndipo aonekane wa kwetu. Lakini babu alizikwa bila kuujua uso wa mama, na tangu hapo sijamwona mtu mwingine aliye tayari kuvushwa mto kwa ajili yake.