Meya wa Montana Jikoni kwa Doreen

Doreen Pelletier hakuwa mtu wa siasa. Kazi yake ilikuwa kusafisha meno ya watu katika kliniki hapa Colebrook, kaskazini kabisa mwa jimbo la New Hampshire, Marekani, mpaka alipofanyiwa upasuaji wa nyonga na kuambiwa atulie nyumbani. Mimi ni jirani yake, na mengi ya haya niliyaona mwenyewe.

Ulikuwa mwaka wa mchujo. Vyama vinapotafuta mgombea urais, wanaoitaka nafasi hiyo humiminika jimboni kwetu, maana sisi hupiga kura mapema, ila wengi huishia kusini kwenye miji mikubwa. Everett Lindqvist hakuwa na uwezo wa kujitangaza hata huko. Aliwahi kuwa meya wa mji mdogo katika jimbo la mbali la Montana, na katika kura za maoni jina lake halikutajwa. Alihesabiwa kwenye "wengineo". Alichokuwa nacho ni simu. Kila jioni aliiwasha, akazungumza mubashara mtandaoni na yeyote aliyejitokeza, nao walikuwa wachache kiasi cha kuwajua kwa majina.

Doreen alimkuta kwa bahati tu, akamwandikia kwa kejeli: "Na huku kwetu unakuja lini, au barabara kwako inaishia Concord kule kusini?"

Lindqvist aliisoma kwa sauti, akacheka. "Dada Doreen, kwenu sikujui. Hebu niambie kukoje."

Akamwambia. Alimweleza jinsi wajawazito wanavyovuka milima kwenye theluji kwenda kujifungua mbali. Jioni iliyofuata yule bwana alirudi akiwa amelisoma jambo hilo, na ana maswali zaidi. Hapo ndipo Doreen alipovutwa kabisa.

Akafungua kundi la mtandaoni la watu wa kaskazini. Kila aliyeandika neno, hata tusi, alimjibu kwa jina na kumuuliza hali ya nyumbani, maana nusu ya watu hao aliwahi kuwasafisha meno. Ni vigumu kuendelea kumtukana mtu anayekumbuka jino lako lililooza.

Mumewe, Normand, fundi mstaafu wa kiwanda cha karatasi, alimuunga mkono seneta mmoja maarufu aliyewania nafasi hiyohiyo. Bango la seneta lilisimama uani mwao.

"Huyo meya wako ana wapiga kura wangapi sasa? Sita na paka?" alimuuliza siku moja nikiwa pale.

"Saba. Na mama yako nimemhesabu."

Januari ikasambaa video fupi, Lindqvist akisikika anasema miji ya kaskazini iachwe ife. Doreen alishtuka, kisha akakumbuka. Jioni ile alikuwepo. Lindqvist alikuwa akisoma maneno ya mtu mwingine ili ayapinge. Mtu amekata mwanzo na mwisho. Akampigia Shelby, mwanamke aliyesimamia kampeni ya mtandaoni ya Lindqvist kutoka Manchester, mji mkubwa wa jimbo letu.

"Mama Doreen, tusiiguse," Shelby akasema. "Tukiijibu tutazidi kuisambaza."

"Imeshasambaa, mwanangu. Nimeulizwa buchani leo."

Hakungoja ruhusa. Aliegemeza simu kwenye kopo la unga, akaenda mubashara kwa mara ya kwanza maishani huku akisukuma unga wa pai ya nyama. Aliionyesha video nzima ya jioni ile, akaanza kueleza, na Normand akadakia kutoka kwenye kiti chake, haonekani.

"Hata angesema hivyo, kakosea nini? Nani amewahi kutuokoa sisi?"

"Si seneta wako. Alikuja mara moja, akapiga picha na kulungu, akaondoka."

"Kulungu mwenyewe alikuwa mkubwa."

Doreen akasahau kwamba anatazamwa. Wakabishana mpaka pai ikaingia kwenye oveni. Asubuhi ubishi wao ulikuwa umeenea jimbo zima, na ile video nzima ikaenea nao. Watu waliandika wakimtaka tena yule mzee wa kitini.

Shelby alipiga simu akiwa mnyenyekevu. Alitaka amwandikie Normand maneno, ili jioni baada ya jioni aonekane anahamia kwa Lindqvist kidogo kidogo.

"Watu watajua," Doreen akamjibu. "Huyu hajawahi kunikubalia jambo, sembuse la kuandikiwa."

Basi wakaendelea kubishana kweli, na watazamaji wakaombwa kitu kimoja tu: kila mmoja amtafute jirani asiyekubaliana naye, wakae mezani wabishane vivyo hivyo. Wengi walifanya hivyo. Lindqvist alipokuja mjini, ukumbi ulijaa watu wanaoamkiana kana kwamba ni ndugu. Alimfuata Normand, akampa mkono.

"Seneta atakushinda," Normand akamwambia.

"Najua, mzee wangu. Ila asante kwa kunitangaza."

Seneta alishinda jimbo. Lindqvist alikuwa wa tatu, lakini katika kaunti yetu alikuwa wa kwanza, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Muda si mrefu alijitoa na kumuunga mkono seneta. Doreen aliyapata hayo kwenye televisheni, kama sisi sote. Normand hakumtania. Alizima televisheni, akabandika maji ya kahawa.

"Angalau angekupigia simu," akasema.

"Alikuwa na watu wengi wa kuwapigia."

"Hata hivyo."

Shelby aliomba kundi likabidhiwe watu wa seneta. Doreen akakataa: watu walikuja kwake wenyewe, si mali ya kugawa. Kundi likapungua taratibu; waliobaki wanapeana habari za barabara na misiba.

Novemba, seneta akiwa ndiye mgombea wa chama, walikwenda kupiga kura pamoja, kwa gari moja. Nilimuuliza Normand kama mkewe alimpa seneta kura. Akasema hajui, na hana mpango wa kuuliza.