Kura Tuliyopiga na Kaka

Kaka yangu alikata miraa ya baba asubuhi, majirani wakimtazama. Hakupiga kelele. Aliinama na panga, mti baada ya mti, kama anayefyeka nyasi za ng'ombe. Jana yake nilikuwa nimerudi kutoka Meru mjini na hukumu: nusu ya shamba aliloacha baba Kianjai ni yangu. Akasema basi nusu hiyo iwe kuni.

Kwetu, ukikata miraa ya mzee umemkata mzee mwenyewe. Tena mwanamke hagusi miti hiyo. Tumeambiwa tangu utotoni kwamba akiigusa itakauka. Ndiyo maana kaka alijiamini sana mahakamani.

"Mheshimiwa, hiyo katiba mi niliipigia kura. Huyu dada yangu alikuwa mbele yangu kwa laini. Hakuna mtu alituambia ati ni mambo ya miraa. Tungejua, tungekataa!"

Wazee wa ukoo walinguruma kumuunga mkono. Na alisema kweli. Hata mimi siku ile niliwaza barabara na dawa za hospitali, si miti ya baba.

Jaji alivua miwani. "Mliposema kila mtu ni sawa, kuna mtu mliyemwondoa?"

Kaka aliwageukia wazee.

"Basi nami siwezi kumwondoa. Siisomi katiba kwa yale mliyowaza kwenye laini. Nawasomea watu walio mbele yangu leo."

Maneno hayo niliyapenda mno. Lakini jaji aliingia chumbani kwake, askari mlangoni. Mimi nilirudi kwa kaka.

Asubuhi ile ya panga nilimkimbilia nikamkamata shati. Aligeuka. Niliinua mkono wa kushoto, na mlio wa chuma kwenye mfupa wangu nausikia hadi leo. Nilianguka juu ya matawi, damu ikichuruzika vidoleni. Watu walipiga nduru. Vijana wa sokoni wakamwangusha kaka, wakampiga mawe na rungu mpaka meno yakatoka, mmoja akaitisha petroli ya kumchoma. Ningekuwa na mkono mzima, jiwe langu lingekuwa la kwanza. Polisi ndio waliomnusuru.

Tulionana tena mbele ya hakimu, yeye kizimbani, uso umevimba, mimi mkono umening'inizwa shingoni.

"Mheshimiwa, naomba bond," alisema kwa shida. "Katiba inasema kila mtu akishikwa ako na haki."

Nilicheka mpaka nyuzi za kidonda zikaniuma. Leo amekumbuka kila mtu! Kiongozi wa mashtaka alipinga: watu wa Kianjai wamekasirika, katiba haikuandikiwa wanaokata dada zao. Hakimu akanigeukia.

"Mama, wewe unasemaje?"

Nilitaka aozee rumande. Nilitaka aonje panga. Kaka alinitazama kwa jicho moja lililokuwa bado linafunguka, na niliona anaogopa.

"Mheshimiwa, tukiwa kwa laini hatukuwaza mtu kama huyu," nikasema. "Lakini msomee katiba vile nilisomewa."

Nilikaa chini nikilia kwa hasira. Aliachiliwa kwa dhamana, akaamriwa asinikaribie.

Visiki vimechipua. Navuna mwenyewe, kwa mkono wa kulia tu, na upande wa pili wa ua kaka husimama akingoja vikauke.