Picha ya Wachimbaji wa Strathorran

Kunyamaza Fébronie alikujua vizuri. Aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Mtabila, akapanga foleni ya maji tangu meno ya utotoni, hafundishwi na mtu kufunga mdomo. Lakini asubuhi ile ya Agosti, mwaka wa pili wa korona, Sydney yote imefungiwa ndani, mdomo wake huohuo nusura umponze mzee wa watu.

Mzee mwenyewe alikuwa Mama Elspeth wa mtaa wa Quakers Hill, Mskoti, kikongwe aliyepita tisini. Fébronie, mtunzaji wake, alipanda treni kutoka kwake Macquarie Fields kwenda kumwogesha na kumpikia. Siku ya kwanza alipomwita Mama, bibi alimkazia macho.

"Mama wa nani? Mimi sikuzaa hata paka."

"Kwetu mkubwa haitwi jina kavu."

"Haya, niite Mama. Ila urithi usinidai."

Urithi wenyewe ulikuwa picha tu. Ukutani, kabatini, ndani ya makopo ya biskuti, kote Strathorran, kijiji alikozaliwa: milima mitupu, kondoo, watu waliokunja nyuso kwa upepo. Aliyoipenda kuliko zote ni ya wachimbaji. Wanaume kwa wanawake wamesimama bondeni na mabeleshi, wanakata udongo mweusi vipande vipande kama matofali, wauanike, wauwashe moto wakati wa baridi. Fébronie alipoiona mara ya kwanza alijishika kifua.

"Hata kwetu Burundi tunauchimba! Tunauita nyiramugengeri."

"Muongo wewe," alisema bibi, lakini alicheka mpaka akakohoa.

Sasa mpwa wa bibi, mkazi wa Perth, aliwaandikia watu wa ofisi ya huduma za wazee kwamba shangazi yake amechanganyikiwa, apelekwe makao ya wazee. Na makao ya mwaka ule, Mungu apishe mbali! Milango imefungwa, ndugu anakupungia mkono dirishani kama yuko melini. Mpimaji wa ofisi hiyo angepiga simu ya video asubuhi hiyo. Akiona akili imemtoka, bibi anafungashwa.

Mpimaji, dada wa ofisini, akatokea kwenye tableti, barakoa imemshukia kidevuni, akataja vitu vitatu vya kukumbuka, kisha akauliza.

"Elspeth, leo ni tarehe ngapi?"

Bibi akaangalia dirishani, kama tarehe iko uani.

"Kumi na tisa," Fébronie akajibu.

Hakukusudia ubaya. Alivyolelewa, mzee hahojiwi kama mtoto wa darasa la kwanza; mdogo aliye karibu humpokea neno, kama anavyompokea mzigo. Lakini dada yule alikunja uso, akaandika kitu.

"Namuuliza yeye. Elspeth, nilikutajia vitu vitatu tulipoanza. Vitaje."

"Tufaha," alisema bibi. Vidole vyake vikaanza kukunja pindo la blanketi.

"Meza," Fébronie akanong'ona.

"Nimekusikia! Nikikusikia tena, naandika kwamba hawezi kujibu bila kusaidiwa. Na hapo kazi yangu imeisha."

Bibi akamgeukia, macho yanawaka.

"Nyamaza, Fébronie! Siku ya kiyama nayo utanijibia?"

Kisha akanyoosha mkono, akaiangua ukutani picha ya wachimbaji, akaisogeza kwenye tableti. Fébronie akasema moyoni, basi, tumekwisha. Akiingia Strathorran huyu harudi.

"Huyu Murdo wa nyumba ya darajani. Huyu Jessie wa kwenye kinu, mkorofi. Huyu mama yangu, mwenye kikapu mgongoni."

Dada akashusha pumzi. "Ya zamani wengi wanayakumbuka, Elspeth. Mimi natafuta ya juzi."

"Juzi ndiko ninakoelekea, kama utaniacha nifike." Bibi akaweka kidole juu ya kile kikapu. "Jumanne polisi walimsimamisha huyu Fébronie kituo cha treni, wakadai kibali cha kazi. Alifika hapa anatetemeka. Akakaa pale, akaishika hii picha, akasema mama yake alibeba udongo huuhuu, yeye kichwani. Walipokimbia vita hawakuchukua kitu. Hana hata picha moja ya mama yake. Sura inaanza kumpotea, anaogopa. Alidhani nimelala."

Yale maneno Fébronie hajamwambia hata bintiye Keza. Jumanne alikuwa amemwona bibi kafumba macho, kinywa wazi, anakoroma.

Dada wa ofisini akaacha kuandika, akasogea karibu na kioo.

"Fébronie, ni kweli?"

Fébronie akafungua mdomo, akaufunga. Ameambiwa akisikika bibi amekwenda. Akabaki kumtazama mzee, machozi yanaingia ndani ya barakoa.

Mama Elspeth akamgonga goti kwa fremu ya picha.

"Sasa ongea."