Salamu za Kichupa

Mimi skuli nilitoka darasa la nne, kutunga sijui. Ningekuwa najua kutunga ningetunga jambo lenye kheri, nisingejitungia msiba. Kwa hivyo usiniulize kama ni kweli. Njoo Hounslow, hapa London, uliza nyumba ya yule mzee wa picha za ndege, utaonyeshwa. Ukiingia utakikuta kitanda cha hospitali chumba cha mbele, na juu yake hakuna mtu. Mwanangu Rukia kila akija ananiambia, "Baba, let them take it," yaani wenyewe waje wakichukue. Mie nakiacha pale pale.

Nianze wapi? Nianze na maradhi. Mke wangu, Mama Rukia, moyo ulimchoka. Mwezi wa kwanza madaktari walituita, wakatuambia kwa ule upole wao wa Kiingereza, ambao ukiusikia ujue mambo yameharibika, kwamba kiangazi huenda asikione. Tukaletewa kitanda cha kupanda na kushuka kwa swichi, tukakitia chini karibu na dirisha maana ngazi alikuwa haziwezi tena. Nje ya dirisha nini kipo? Ukuta, mapipa ya taka, na kijimti cha jirani. Basi asubuhi moja kikatua pale kidege chenye kifua chekundu, wenyewe hukiita robini. Akakitazama mpaka chai ikampoa mkononi.

"Bwana wee," akaniambia, "umestaafu, umekaa hapo unanihesabia pumzi. Nenda kaniletee ndege."

"Nikuletee ndege nimtie wapi, chooni?"

"Picha, mzee! Kila siku moja. Na isiwe ya jana."

Miaka ishirini na nane nilipakia mizigo uwanja wa ndege, mgongo huu ulikwisha huko huko, lakini ndege wa manyoya nilikuwa siwajui hata mmoja. Rukia akaninunulia kamera. Akanionyesha pa kubonyeza mara kumi na mbili, na ya kumi na tatu akakasirika. Watoto wa huku wana haraka, Mungu awasamehe.

Si mbali na kwetu pana ziwa. Zamani walichimba kokoto, wakaacha mashimo, mvua ikayajaza. Kando yake kuna kibanda cha mbao chenye vidirisha vyembamba kama macho ya mtu mwenye usingizi, na watu wazima wenye akili zao hukaa mle ndani kimya, wanachungulia ndege. Siku ya kwanza nilidhani nimeingia kwa wagonjwa. Humo ndimo nilimomkuta Harbans, singasinga wa Southall, mzaliwa wa Kisumu, alikuwa na duka la vitambaa kabla ya kustaafu.

"Karibu, mzee," akaniambia kwa Kiswahili chake cha bara. "Lakini hiyo koti yako ya orange, ndege watafikiri umekuja kutengeneza barabara."

Huyo ndiye aliyenifundisha. Akanifundisha kuzuia pumzi kabla ya kubonyeza, na kutomtazama ndege usoni, na kukaa saa tatu bila kwenda haja, jambo ambalo kwa umri wangu si dogo. Akileta sambusa hunipa mbili.

Basi mwaka ukaenda hivyo. Asubuhi natoka, jioni narudi na picha. Mama Rukia akawapa majina wote. Batamaji alimwita Bi Harusi. Mnandi aliyesimama na mbawa wazi alimwita Mzee Faki, eti kama jirani yetu wa zamani anavyoanika koti. Wale weusi kwa weupe wanaopiga kelele akawaita mawakili. Mbayuwayu walipofika mwezi wa nne aliishika kamera kwa mikono miwili, akaniambia, "Hawa wanatoka kwetu hawa. Umewauliza habari za huko?"

Na kiangazi akakiona! Daktari alipokuja alimtazama, akaitazama karatasi yake, akamtazama tena. Akawa anakula. Akawa ananigombeza, na mke akikugombeza ujue yuko hai. Mimi moyoni nikajiwekea imani yangu ya kijinga, sikumwambia mtu: madhali kila siku ninampelekea ndege, hafi. Ndege mmoja, siku moja. Niliingia mle kibandani na homa, niliingia na mvua ya mawe. Siku ambayo ningerudi mikono mitupu ndiyo niliyokuwa naiogopa. Umenielewa? Hilo tu ndilo nililokuwa naliogopa duniani.

Sasa sikiliza. Mama Rukia alikuwa hajampata mdiria. Akimtaka sana huyo, yule wa buluu anayevua samaki, anasema utotoni kwao alikuwapo mmoja akitua juu ya kamba ya nguo. Harbans akaniambia wapo hapa, lakini anapita kama cheche, ukipepesa jicho umemkosa. Nilimngoja wiki nne.

Ikafika mwezi wa kumi na mbili, Jumapili, saa tisa na nusu alasiri, na hapa wakati huo jua lishaanza kuaga. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya maji tangu asubuhi, sikupata hata bata. Nilikuwa peke yangu. Mara nikaona buluu imepita. Nikalitia jicho kwenye kamera, na hapo hapo nikasikia nyuma yangu, "Asalaam alaykum."

Nikaitika. Nikasogea kwenye benchi nimpishe, bila ya kugeuka. Kwa pembe ya jicho niliona shati jeupe na kikoi chenye mstari wa zambarau. Miguuni champali. Baridi ile, niamini, maji ya kwenye chupa yangu yalikuwa yanaanza kuganda!

"Utakufa na baridi, mwanangu," nikamwambia.

"Siisikii," akasema. Sauti ya kijana, na lafudhi ya mjini kwetu, safi, si hii ya watoto wa London. "Yule pale, mzee. Tawi lililoinama."

Kweli, alikuwa pale. Buluu kama moto wa gesi. Nikabonyeza, nikabonyeza.

"Nisalimie Kichupa," akasema.

"Kichupa ndiye nani?"

"Mkeo. Mwambie wa nyumbani wamemngoja sana."

Haya, sisi watu wa Unguja tukikutana na kijana tusiyemjua tunamuuliza nini kwanza? Wewe mtoto wa nani. Hata awe amebeba jeneza tutamuuliza. Mtoto wa nani, mtaa gani, fulani ni nani yako. Mimi siku ile sikuuliza. Jicho langu lilikuwa kwa ndege. Nikasema lile ambalo ulimi umezoea kulisema: "Zitafika, inshallah."

Nilipogeuka hapakuwa na mtu. Na mlango wa kibanda kile ukiufungua hulia kama mbuzi. Haukulia.

Hazikupita dakika mbili akaingia Harbans, mlango ukalia, darubini shingoni. "Mzee, ulikuwa unampisha nani? Nimekuona kwa kidirisha nikiwa hapo njiani. Umejibana kwa ukuta kama mtu aliyeingiliwa na mama mkwe."

"Kijana. Katoka sasa hivi."

"Njia ni hii moja, na mimi ndio nimetoka kwayo," akasema. Kisha akanitazama. Hakunitania tena, na Harbans kutokutania si jambo dogo.

Ndani ya basi nikaitazama kamera. Tawi. Maji. Tawi. Picha kumi na nne, na ndege hayumo hata moja. Mikono mitupu. Na kifuani nina salamu. Tulivyolelewa sisi, salamu ni amana, ukikubali kuzibeba huna ruhusa ya kuzitupa njiani. Lakini moyo wangu ulikuwa unaniambia, nyamaza. Njia nzima unaniambia, nyamaza, mzee, nyamaza. Mpaka nafungua mlango nilikuwa nimeshakata shauri kunyamaza.

Akanipokea kwa swali. Kakaa kitako, kajitanda kanga yake vizuri, ananingoja. "Leo nani?"

Ningesema nini? Niseme leo hakuna? Mwaka mzima sikuwahi kulisema neno hilo. Woga ukanishika, na kwa woga ule nikatoa nilichokuwa nacho.

"Leo nimekuletea salamu," nikasema. "Kijana mmoja kule ziwani. Kasema nimsalimie Kichupa. Wa nyumbani wamekungoja sana."

Tumeoana miaka arubaini na moja na jina hilo nilikuwa sijapata kulisikia. Akaweka sawa kanga kichwani, kama mtu aliyeingiliwa na mgeni wa heshima, akajibu kwa sauti nzima kabisa: "Alayka wa alayhi salaam. Zimefika."

Kisha akaniuliza, "Kavaa kikoi?"

"Ndiyo."

"Cha zambarau?"

Nikaitika kwa kichwa. Akasema, "Ni Nassor."

Nassor ni kaka yake. Siku zile baada ya mapinduzi alitoka mlango wa nyuma kwenda kutafuta mkate, umri wake miaka kumi na saba, hakurudi. Kaburi halikuonekana. Matanga hayakuwekwa, kwa sababu mama yao alikuwa akisema mtu hamlilii mtoto aliyekwenda kununua mkate. Yeye Nassor ndiye aliyekuwa akimwita mdogo wake Kichupa, na waliolijua jina hilo wote wako chini ya mchanga.

Nikapiga magoti pale kitandani. Mimi, mzee mzima. "Mama Rukia, sema hujazipokea. Sema hazikufika. Nakuomba."

Akacheka, masikini. "Salamu zinarudishwaje, bwana? Umeona wapi?" Akaichukua kamera mkononi mwangu, akafungua picha. "Na wewe unasema umeniletea salamu tu. Huyu nini? Mashaallah. Ona mgongo huo."

Nilitazama juu ya bega lake. Tawi na maji.

Kesho yake nilishika koti akaniambia, "Usiende. Kaa na mimi." Tangu mwezi wa kwanza ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kunizuia. Nikakaa. Siku ya tatu, baada ya alfajiri, akiwa amelala uso kwenye dirisha, akakata roho. Rukia alipofika alinikuta bado nimemshika mkono. Karatasi ya daktari inasema moyo. Mimi sibishani na karatasi.

Harbans alikuja mazikoni, kilemba cheupe, akasimama nyuma kabisa. Kule ziwani nimerudi mara nyingi. Sendi tena kwa ajili ya ndege. Nimemngoja kijana yule mchana kutwa, nimeita jina lake mpaka Waingereza wakanitoka kibandani mmoja mmoja. Nilitaka nimuulize swali moja tu: mbona ulinipa mimi nizibebe? Haji. Picha zile kumi na nne ninazo, usiku nazifungua moja moja, nakaza macho mpaka yanatoka maji. Sioni kitu.

Basi wewe unayesoma, kama una mgonjwa nyumbani, nisikilize. Mtu akikupa salamu zake, geuka umtazame. Muulize jina lake na la babake, muulize anakaa wapi na nani. Asipokujibu, usiseme zitafika. Na kama umeshasema, basi rudi nyumbani ukae nazo. Najua ni amana, na mimi pia nilifundishwa hivyo. Kuwa mwizi wa amana hiyo. Mungu akitaka kuniadhibu kwa kauli hii aniadhibu, lakini ningelizificha kifuani mwangu salamu zile zikaniozea humo humo, na yeye leo angekuwa pale dirishani ananigombeza.