Agent wa duka la dawa alisema "hakuna" na dawa ipo: description za tool si mapambo

Wakuu, heshima kwenu.

Hili nimelishuhudia kwa macho yangu, chumvi sijaweka. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Nakaa Buguruni, kazi yangu ni kufunga mifumo ya mauzo madukani. Mteja wangu mmoja ni Mama Nisha, mama wa Kihindi mwenye maduka mawili ya dawa, moja Upanga na lingine Kariakoo. Kabla yangu, fundi mwingine alishamwekea AI agent wa kujibu meseji za wateja.

Kwa wasiojua: agent haoni shelfu. Anapewa tool, yaani vitendea kazi vya kutafutia majibu, na kila tool ina maelezo yake, description. Anachojua kuhusu hiyo tool ni kile kilichoandikwa humo. Basi.

Sasa kuna Bwana Lyimo, Mchaga anayeuza vyombo vya plastiki kwa jumla Kariakoo. Binti yake ana kifafa, anameza dawa kila siku. Dawa ilipokaribia kuisha, akatuma meseji kuuliza.

Agent akamjibu kwa adabu zote: dawa hiyo haipo kwenye maduka yetu.

Akaamini. Akazunguka maduka mengine, akakosa. Dozi zikarukwa, na wenye wagonjwa wa kifafa mnajua dawa ile hairukwi. Mtoto akaanguka darasani, akapasuka mdomo.

Akaingia duka la Mama Nisha la Kariakoo kununua dawa ya kidonda. Ile dawa aliyoitafuta akaiona imepangwa nyuma ya muuzaji.

Hakugombana na mtu. Aliinunua, akachukua bajaji mpaka Upanga kumtafuta mwenye duka. Mimi nilikuwepo, natengeneza printa. Mama Nisha akampa pole, akaanza kumweleza mambo ya mfumo. Jamaa akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Mama Nisha, mngeniambia hamjui, ningekuja kuuliza mwenyewe. Mliniambia hakuna."

Akaondoka.

Mama Nisha akaniambia nizime hicho kitu. Nikazima, ila nikamwomba nikichungulie kabla hajakitupa.

Code ilikuwa nzima. Kulikuwa na tool mbili. Ya kwanza inaitwa stoku, description yake: "Huangalia stoku." Ya pili inaitwa stoku_2: "Huangalia stoku nyingine."

Hakuna palipoandikwa kwamba ya kwanza ni ya Upanga na ya pili ni ya Kariakoo. Agent akaita ya kwanza, ikarudi tupu, akaona kazi imeisha.

Mama Nisha akataka tuandike "usidanganye wateja". Nikamwambia hakudanganya, alijibu kwa alichopewa. Nikamuuliza: muuzaji mpya akianza kazi hapa, unamwambia nini?

"Upanga ukikosa, usifungue mdomo. Piga Kariakoo kwanza."

Nikaanza kuandika. Tool zikapewa majina ya maduka. Ya Upanga ikasomeka hivi:

"Huangalia dawa zilizopo duka la Upanga pekee. Haioni duka la Kariakoo. Tumia jina la dawa kama lilivyo kwenye boksi, pamoja na miligramu. Jibu likiwa tupu, maana yake Upanga haipo. Usimwambie mteja hatuna kabla ya kuangalia stoku_kariakoo. Zote zikiwa tupu, mwambie haionekani kwenye mfumo na umpe namba ya duka."

Tukarudia swali la Bwana Lyimo neno kwa neno. Safari hii agent akajibu Upanga imeisha, Kariakoo ipo. Ukiacha majina na description za tool, kwenye code sikugusa hata mstari mmoja.

Mama Nisha akampigia Bwana Lyimo kumweleza. Binti amesharudi shule, ana kovu mdomoni. Dawa bado wananunua pale pale, ila meseji jamaa hatumi tena. Anapiga simu, na hakati mpaka muuzaji aende kwenye shelfu arudi. Sijaona sababu ya kumshawishi vinginevyo.

Nilichojifunza: "sijaona" na "hakuna" ni maneno mawili tofauti, na agent hawezi kuyatofautisha kama sisi hatujamwandikia.

Wenye agents kazini, hebu fungueni description zenu. Tool ikirudi tupu, mmeandika maana yake ni nini? Zibandikeni hapa tuzisome, na mwenye kunikosoa anikosoe.