Telesfori na Sola ya Kuanika

Kijiji cha Nyakasimbi kilikuwa na wavivu wake, walevi wake na wachoyo wake, lakini mtu mwenye uchungu na kahawa yake kama Telesfori hukumpata. Tangu arithi kibanja cha babaye, shamba la kahawa na migomba, mvua haikuwahi kumlowanishia buni. Wingu likichungulia tu juu ya kilima, huyo mbio, anakunja majamvi, anawafokea wanawe, na kahawa iko ndani kabla jirani hajainua kichwa. Watu walimcheka. Siku ya kuuza kwenye chama cha ushirika walinyamaza, maana kahawa yao ilikuwa imeota ukungu na yake ilikuwa ikichakacha mkononi.

Mkewe, Kokugonza, mchana alikuwa wa migomba na maharage. Giza likiingia ndipo aliposuka vikapu, koroboi ikiwa karibu kabisa na uso, kwa kuwa macho yalishaanza kupungua. Mwaka wa tisini na saba vikapu vilikuwa vya binti yao Kemirembe, aliyekwisha kuchumbiwa, na bibi harusi hatoki kwao mikono mitupu. Mwaka huohuo kifua kikambana Kokugonza. Daktari alimwambia wazi, "Mama, mapafu yamechoka. Ukiendelea kuvuta moshi wa taa hiyo, dawa hizi ni kazi bure."

Telesfori hakuwa mtu wa kutamka mapenzi. Ila mkewe alipozidi kukohoa, alianza kuulizia taa isiyo na moshi. Akasikia kwamba fundi mmoja wa Muleba, Cassian, anauza kwa bei nafuu sola zilizobaki baada ya makambi ya wakimbizi kufungwa. Akapanda baiskeli hadi Ihanda, alikokuwa fundi huyo akiuzia, na kesho yake Cassian akaja na paneli moja, betri ya gari na taa moja.

"Mzee, niipandishe kwenye bati?"

"Huko juu wezi wataiona, na mvua ya mawe itaipasua. Nitaianika mwenyewe hapa uani."

"Haya mzee. Bora tu ishinde nje kutwa."

Neno hilo la mwisho lilipita sikio hili likatokea la pili. Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Taa iliwaka nyeupe, Kokugonza akacheka kama mwali, koroboi ikatupwa nyuma ya jiko, na kikohozi kikapungua. Lakini zikaja zile mvua za mwaka ule, zilizokata madaraja na kuozesha maharage shambani. Telesfori akafanya alichokijua maisha yake yote. Wingu likitanda, paneli inaingia ndani pamoja na kahawa, inafutwa, inafunikwa blanketi. Kuna siku haikukaa nje hata muda wa kuchemsha chai. Jioni taa ikawa ya njano, halafu ikawa haimalizi hata chakula.

"Fundi katuuzia betri mkweche," alilalamika.

"Baba Kemirembe, hebu iache nje hata kukiwa na mawingu," mkewe alimwambia.

"Mama wee! Kitu cha kukutibu wewe ndicho nikiache kinyeshewe?"

Harusi ilikuwa inakaribia na vikapu havijatimia, kwa hiyo Kokugonza akaenda nyuma ya jiko akaiokota koroboi yake. Mumewe aliona, na akazidi kuifunika paneli, akiamini akiitunza vizuri zaidi itapona.

Kokugonza alifariki mwezi wa Januari, kikapu cha mwisho hakijafungwa ukingo.

Cassian alikuja msibani. Baada ya kumpa mzee pole aliulizia paneli, akaonyeshwa uvunguni, ndani ya blanketi. Alipoelezwa ilivyokuwa ikitunzwa, alishika kichwa.

"Mzee wangu, kitu hiki hakiogopi mvua. Mvua inakiosha tu. Hata kukiwa na mawingu kinakula mwanga kidogo kidogo. Betri ilikuwa inakufa njaa."

Akapanda juu ya bati akaifunga. Ilinyesha siku zote za matanga, na bado ilipofika siku ya tatu taa iliwaka tangu magharibi mpaka watu wakaaga. Waombolezaji waliisifu, wakasema sasa nyumba ina nuru. Telesfori alikuwa amekaa nje barazani, gizani, anasikia sifa hizo moja baada ya nyingine, na kila moja ilimchoma.

Kemirembe alimfuata. "Baba, ingia ule. Mwanga upo."

"Taa hiyo ni ya mama yako," alisema Telesfori. "Mimi ndiye niliyeifungia uvunguni, yeye akivuta moshi. Niletee chakula hapa."

Binti alimletea sahani ya ndizi na maharage. Na hata baada ya yeye kuolewa, ndugu zake wakazoea kusoma chini ya taa ile, baba yao aliendelea kula nje, gizani.