Wenye Debe Moja

Nakumbuka siku moja, mjukuu wangu Neema, mashine yetu ya kukamulia alizeti pale Mandewa ilikuwa mpya, inang'aa, na uani hakuna hata kuku. Mimi na kaka yangu, vijana wakati huo, tulikaa mlangoni tangu asubuhi tukitazama barabara. Tuliogopa, maana shamba la baba liliuzwa ili mashine inunuliwe. Ikishindwa, familia nzima haina pa kulima.

Nakusimulia haya kwa sababu jana ulikuja, ukaniamkia vizuri, halafu ukaniomba nikubali mashine hiyohiyo iuzwe. Wewe na wenzako mmetengeneza mfumo wenu wa simu, ule unaoiendesha simu toka ndani. Sasa mnataka kuagiza simu mpya, muuweke humo, mpambane na ile mifumo miwili mikubwa iliyoshika dunia nzima. Niliitika marahaba, lakini naogopa mpaka sasa. Kila nikiwaza mkishindwa, nauona ule ua mtupu.

Basi siku ile akatokea shangazi yetu wa kijijini Mungaa, debe moja la alizeti kichwani. Alikuwa anatoka kwa tajiri mwenye mashine kubwa kule mjini, wamemkataa: hawawashi mashine kwa debe. Na sisi, loo, tukamjibu vilevile!

"Shangazi, utaratibu ni magunia," kaka akasema. "Kusanya kwanza."

Shangazi akatua debe, akautazama ua wetu, akacheka kicheko kibaya.

"Utaratibu wa nani? Yule tajiri ana foleni. Ninyi mna nini, nzi? Mkulima haifuati mashine ya tajiri. Anawafuata wanunuzi wa mafuta na mashudu waliojaa pale, na hao hamtawahamisha hata mashine yenu ing'ae vipi. Ukiiga tembo kunya, utapasuka msamba! Lakini sisi tunaokataliwa kule tumejaa Mungaa nzima, na hamtuoni."

Unisamehe kwa lugha yake, mwanangu. Shangazi hakuwa mtu wa kupakapaka asali.

Ni kweli mashine haiwezi kupata moto kwa debe moja. Kwa hiyo yeye mwenyewe akawaita kina mama wenzake waje siku ya mnada, lile gulio letu, kila mmoja na debe lake. Akazikagua mbegu kwa mkono, zilizooza akazirudisha bila kumwonea mtu haya, nzuri zikamiminwa pamoja. Kila mama akaondoka na mafuta yake na mashudu, yale makapi ya alizeti, ya kulishia kuku wake. Haba na haba. Baadaye wanunuzi wa mafuta wakasikia, wakaja wenyewe. Hatukuwahi kumfikia yule tajiri, lakini yeye alifunga biashara zamani, na mashine yetu ndiyo hiyo unayotaka kuiuza.

Siiuzi, Neema. Kasirika ukitaka.

Vijana wa mjini hawataiacha simu yao kwa uzuri wa mfumo wenu. Jamaa zao wamo mle, kwaya yao imo mle, picha za arusi zimo mle. Usiende kuwagombea hao. Watafute waliokataliwa. Ile simu yangu ya zamani fundi wa stendi aliniambia, "Mzee, hii imepitwa, nunua nyingine." Nzima, kioo kizima, ila imekuwa nzito, inagoma, hata jumbe za sauti za wajukuu wenzako haipokei tena. Wenye simu kama hiyo wako wangapi Mungaa, wako wangapi Sekenke? Wewe ulisema mfumo wenu ni mwepesi. Sasa simu mpya za nini, na za zamani zimejaa makabatini mwa watu?

Uweke humo, uanze na yangu. Ikiamka, nitasimama pale uani siku ya mnada niwaonyeshe wote. Na isipoamka, utakuwa umepoteza jasho tu, mashine itabaki.

Bado naogopa, sikufichi. Lakini nenda, mwanangu. Mungu akuonyeshe mlango ambao wakubwa wameupita bila kubisha hodi, na ua wako usikose watu. Haya, chukua simu. Chaja anayo bibi yako.